Karibuni Kura

Nilisoma mpaka darasa la tatu, na hata hilo la tatu sikulimaliza. Nasema mapema ili mtu asifike katikati akadhani amenivumbua. Penseli ilinishinda. Mwalimu akiandika "a", mimi nachora yai lililopasuka, na kiboko kinafuata.

Lakini cherehani haikunishinda. Na nilipokuwa nimeshapita miaka sitini niligundua jambo ambalo hakuna mwalimu aliyeniambia: ukiandika kwa kalamu, karatasi hukaa na mkono hutembea. Ukidarizi kwa cherehani, sindano hukaa na kitambaa hutembea. Kumbe shuleni walikuwa wananitembezesha kitu kisichofaa.

Cherehani yangu ni ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu. Miaka mingi ilileta unga nyumbani. Nilishona sare za shule, mapazia, magauni ya kwaya, suruali za wanaume walionenepa wakakataa kukubali. Nilishonea mtaa wetu wote wa Bondeni, hapa Nakuru. Watoto wangu walipopata kazi wakaniambia, Mama, pumzika sasa. Nikapumzika wiki moja. Kupumzika ni kazi ngumu sana. Unakaa mlangoni unatazama wapita njia mpaka unawajua kwa visigino.

Nikarudi kwa cherehani, ila safari hii kwa raha zangu. Nilitoa kile kiatu kinachokandamiza kitambaa. Yale meno ya chini yanayokivuta nikayafunika kwa kipande cha bati nilichokata kwa kopo la mafuta ya kupikia. Nikabana kitambaa kwa fremu ya duara ya mbao, kikakaza kama ngozi ya ngoma, nikaanza kukanyaga. Sindano inapiga pale pale, tak-tak-tak, na mikono yangu inazungusha fremu chini yake. Nikivuta kushoto, uzi unakwenda kushoto. Nikizungusha, linatoka ua. Ua langu la kwanza lilifanana na buibui aliyekanyagwa. La ishirini ungeliinamia kulinusa.

Jirani yangu mmoja muuza makaa akapita, akachungulia. "Mathe, siku hizi unacheza na cherehani?"

"Nacheza," nikamwambia. "Wewe si unacheza drafti kutwa nzima na vifuniko vya soda? Mimi nimekuuliza?"

Akaenda zake.

Basi mwaka wa 2007, mjukuu wangu wa kwanza, binti ya mwanangu mkubwa, akapata mchumba wa Gilgil. Ikapangwa jamaa za huyo kijana waje kwetu Bahati, kwa shamba la mwanangu, kujuana na kula pamoja. Mjukuu wangu akaja Bondeni mwenyewe, akakaa kwa kile kiti changu cha kushonea kana kwamba ni chake.

"Shosh, nataka kitambaa cha meza kubwa. Ile watakaa wazee. Ushone wewe, si cha kukodi."

Nikamwambia hata ningekuwa kaburini ningetoka kwanza.

Taabu ilikuwa mama yake. Mke wa mwanangu ni mtu msafi, mchapakazi, na ana mdomo, na kwa huo mdomo simlaumu maana hata mimi ninao. Tulipoketi kupanga siku, aliniwekea chai, akavuta pumzi.

"Mama, kwa heshima, siku hizi kuna watu wa mapambo. Wanakuja na satini ya maruni na dhahabu, wanafunga hadi viti riboni."

"Hiyo satini imeshafunika meza ngapi?"

"Nyingi, Mama. Ni kazi yao."

"Basi imekula kwa watu kuliko mimi."

Mwanangu akacheka, mkewe akamtazama, akaacha kucheka. Kisha mkewe akanipa masharti. Nilete kitambaa Ijumaa, siku moja kabla ya wageni. Akikiona kiko sawa, kinawekwa meza kubwa. Kikiwa na kasoro, hata moja, anawapigia watu wa satini simu. "Na chako hatutatupa, Mama. Tutaweka kwa meza ya watoto."

Meza ya watoto! Pale wanapomwaga juisi na kufutia pua! Nilikunywa ile chai hata sikuonja sukari.

Nikanunua kitambaa cheupe kizito cha pamba, kirefu kama meza ya kanisa. Pembeni nikapanga maua kuzunguka pande zote. Katikati nilitaka maneno. Kila nyumba ina kitambaa cha kochi chenye mstari wa Biblia, na Mungu anajua namheshimu, lakini siku hiyo ilikuwa ya chakula. Nilitaka mgeni akikaribia meza asome KARIBUNI KULA, mate yajae.

Sasa niwaeleze habari ya ulimi wangu. Lugha ya mama yangu haina L. Ina R peke yake, na hiyo R inatutosha. Nilipojifunza Kiswahili, nilizibeba hizo mbili pamoja, natoa yoyote itakayotangulia. Kwa kusema hakuna shida, watu wa Nakuru tunaelewana. Ila nguo haina masikio. Nilijua kitambaa kikishashonwa kimeshonwa, kwa hivyo sikutaka kubahatisha. "Karibuni" niliinakili kutoka mlango wa hoteli moja ya chai. Ikabaki hiyo nyingine, ya kula.

Na mwaka huo, jamani, kuta zilikuwa zinasema. Uchaguzi ulikuwa karibu. Hapakuwa na ukuta Bondeni wenye nafasi ya kupita mende; nyuso za wanaume waliovaa tai zimebandikwa juu ya nyuso za wanaume wengine waliovaa tai. Pale kando ya kioski cha maji kulikuwa na bango jipya lenye herufi kubwa nene, nzuri kweli, za kuchora kwa rula. K, U, R, A.

Nikasimama mbele yake na mtungi wangu, nikasema, neno langu hili hapa!

Msinicheke. Nilijua kura ni nini, nimepiga tangu ujana wangu. Lakini kwangu mimi lilikuwa neno moja lenye kazi mbili, kama vile kaa ni kuketi na kaa ni lile la moto. Kura ya kupiga, kura ya mdomo. Na ukitazama hao watu wa tai na vile wanavyonenepa wakishaingia, nani angenikosoa? Nilirudi na kalenda kuukuu na kipande cha makaa, nikanakili zile herufi nyuma yake, nikatoka hapo nimeridhika kama mtu aliyepita mtihani.

Nilishona wiki mbili. Kila herufi ndefu kama kiganja changu, imejazwa uzi wa buluu, mshono ukilalia mshono hadi ukipapasa unasikia umeinuka. Mgongo uliniuma, magoti yakaimba, na sijawahi kuwa na furaha kama hiyo. Jumatano ya wiki ile ya wageni, imebaki kona moja ya maua, uzi wa buluu ukaniishia.

Nikakunja kitambaa kwa mfuko, nikaenda mjini kwa duka la nyuzi, ili nilinganishe rangi. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi mwenye kilemba, amezaliwa hapa hapa Nakuru, baba yake alikuwa na duka hilo kabla yake. Miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Tunajuana miaka mingi, ananitania, namtania. Alikitandaza kitambaa kwa kaunta yake, akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya maua polepole.

"Mama, hii ni kazi," akasema. "Kuna mashine za kompyuta sasa, lakini haziwezi hii."

Nikavimba. Kisha kidole chake kikafika katikati. Kikasimama. Akainua macho.

"Hongera, Mama. Unasimama udiwani?"

"Nani, mimi? Nisimame na magoti haya?"

"Imeandikwa hapa. Karibuni kura. Wadi gani?"

Nikadhani ananitania kama kawaida. "Mzee, hiyo ni ya chakula. Kuwaita watu mezani."

"Hapana, Mama. Ya chakula ni L. Hii ni R. Hii ni ya hivi," na akatumbukiza karatasi isiyokuwepo ndani ya sanduku lisilokuwepo. "Ya chakula ni ya hivi," na akatia tonge la hewa mdomoni, akatafuna. Akarudia. Sanduku. Mdomo. "Hii, na hii. Si moja."

Nyuma yangu kulikuwa na mwanamke mnene aliyekuja kununua zipu. Akasema, "Ah, mzee, muache. Wakishapigiwa si wanakula?"

Duka zima likapasuka. Yule mzee alicheka mpaka akavua miwani. Nami nikacheka, ungefanyaje? Mdomo ulicheka, ila tumbo lilikuwa linasema jambo moja tu: meza ya watoto, meza ya watoto.

Alipofuta macho aliniona. Akaacha kucheka. "Chukua kitambaa kingine, Mama. Anza tena."

"Wiki mbili nimeshona hii. Keshokutwa ni Ijumaa. Nitaanza tena na miguu ya nani?"

Nikachukua uzi wangu wa buluu nikatoka.

Njiani kila ukuta ulinitolea ulimi. KURA. KURA. KURA. Nilitaka kuokota jiwe.

Nyumbani nikakilaza kitambaa kifudifudi, nikachukua wembe. Nilikuwa nimefikiri vizuri: R ni nguzo, tumbo na mguu. Ukiondoa tumbo na mguu, nguzo inabaki. Ukiiwekea kiwayo, mguu mfupi wa kulala, chini kulia, ni L. Mtoto angeweza. Nikakata nyuzi upande wa nyuma, moja moja, nikazing'oa kwa kucha. Zilipotoka zote nikageuza nione upande wa juu.

Sindano iliyojaza lile tumbo ilikuwa imedonoa kitambaa mara zisizo na idadi. Kilikuwa kichujio cha chai. Nikakilowesha, nikakwaruza kwa ukucha, nikapiga pasi juu ya kitambaa kibichi ili mvuke uzibe matundu. Madogo yakazibika. Makubwa yakakataa. Nikikiinua mbele ya dirisha naiona R imesimama pale pale, haina uzi, ni kovu tupu.

Nilikaa chini. Nakiri niliyasema maneno ambayo mama wa kanisa hasemi. Niliwatukana watu wa mabango, nikamtukana aliyegundua L, nikaitukana shule ya darasa la tatu. Nilimwona mke wa mwanangu akipiga simu kuita satini, ana haki na ana upole, na ule upole ndio ungeniua.

Kisha nikalitazama lile kovu tena, nikainamisha kichwa. Tumbo la duara, limevimba mbele. Chini ya tumbo mguu umetoka.

Nikasema kwa sauti, peke yangu ndani ya nyumba, "Wewe R, kumbe wewe ni kuku!"

Nikuambie nini? Alikuwepo siku zote. Tumbo ni kifua chake. Mguu ni mguu. Kilichokosekana ni kichwa na mkia. Na nikishaweka kiwayo cha L, atakuwa na pa kusimama.

Alhamisi yote nilikuwa kwa cherehani. Pale penye matundu niliweka kiraka cha shuka kuukuu kwa nyuma, maana ukishona juu ya kichujio kitambaa kinararuka. Nilikuwa na uzi wa kahawia uliobaki kwa sweta za shule, mwekundu wa upanga wa kichwani, na wa machungwa wa mdomo na miguu. Manyoya niliyashona mafupi mafupi, moja likifunika jingine kama mabati ya paa. Jicho lilinisumbua. La kwanza lilimfanya aonekane amelewa. Nikalitoa, nikaweka kitone kimoja tu cheusi na chembe ya nyeupe, akanitazama. Kuku mwenyewe, mnene, mwenye kiburi, amekanyaga ile L kama ni mali ya baba yake. Akaonekana mpweke, nikampa vifaranga watatu, mmoja chini ya K, mmoja chini ya U, mmoja chini ya A anadonoa.

Usiku nikamalizia ile kona ya maua iliyobaki, nikakata nyuzi zilizoning'inia.

Ijumaa nikafika Bahati na mfuko wangu. Mke wa mwanangu akafuta mikono kwa aproni, akakitandaza juu ya kitanda, akafungua pazia mwanga uingie. Alikagua kama mtu anayenunua ng'ombe. Akapita maua ya pande zote nne. Akavuta mishono kwa kidole. Akafika katikati, akainama.

"Kuku?"

"Kuku."

"Mbona yuko kwa L peke yake?"

"Wewe ukialikwa kwa watu, sufuria ikifunuliwa, huwa unatafuta nini kwanza?"

Alizuia mdomo. Niliuona ukipigana naye. Kisha akacheka cheko moja fupi la puani, akakunja kitambaa kwa ule mkunjo mzuri, kwa uangalifu, akasema, "Haya, Mama. Meza kubwa."

Sikumwambia habari ya R. Hakuniuliza.

Jumamosi watu wa Gilgil wakaja, wamevaa wakavalika. Wanaume walikuwa wameanza siasa tangu langoni, na kulikuwa na wale wa upande huu na wale wa upande ule, sauti zinapanda. Kati yao alikuwako shangazi ya kijana, mwalimu aliyestaafu, mama mrefu amenyooka kama rula. Mjukuu wangu alikuwa amenionya: "Shosh, huyo ndiye boss wao. Akikubali, wote wamekubali."

Waliketi. Shangazi akasoma kitambaa, akatikisa kichwa kidogo kukubali. Kisha akafanya kile ambacho mwanamke anayejua kushona hufanya. Hakuendelea kutazama usoni. Akashika ukingo, akasogeza sahani, akageuza kitambaa aone nyuma.

Mke wa mwanangu alikuwa amesimama na bakuli la mchuzi mkononi. Hakusogea.

Shangazi akapapasa herufi zote kwa nyuma, moja moja, akafika kwa kile kiraka. Akakikwaruza.

"Herufi nyingine hazina kiraka," akasema. "Hapa palikuwa na nini?"

Wanaume wa siasa nao wakageuka kutazama. Ningeweza kudanganya. Ningesema ni kumtia kuku nguvu, nani angebisha? Lakini mimi huwa siwezi. Uongo ukinitoka unatoka na kwikwi.

"Palikuwa na R," nikasema.

"R?" Akaanza kusoma kwa midomo tu, kama anayesahihisha daftari. Karibuni ku... Mabega yake yakaanza kutikisika. "Kura?"

"Kura. Nikaila."

Huyo mama alicheka! Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka. Mmoja wa wazee wao akagonga meza akasema tungejua tungebeba vitambulisho, mwanangu akamjibu kwamba hapa sanduku ni sufuria, na wale wa upande huu na wa upande ule wakacheka kwa mdomo mmoja. Mjukuu wangu alikuwa mlangoni amejifunika uso kwa leso, analia kwa kicheko.

Shangazi akajifunga kichwa upya. "Maisha yangu yote nimechapa watoto kwa sababu ya hiyo R na L," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyenijibu kwa kuku." Kisha akaniomba, mbele ya watu wote, nimshonee chake. Maneno yale yale, kuku yule yule, pale pale.

Hicho chake nilikishona mwanzo wa 2008. Mwaka huo, kwa fujo za baada ya kura, ulianza vile ulivyoanza, kila mtu wa Nakuru anajua, na mimi sitaweka mambo hayo kwenye habari ya kuku. Tulijifungia ndani siku nyingi, nami nikakanyaga cherehani. Barabara zilipotulia nilikipeleka Gilgil mwenyewe, nikakitandaza kwa meza yake kwa mikono yangu. Yeye akanipikia.

Lakini siku ninayoipenda ni Jumapili ile, kesho yake baada ya wageni. Kitambaa changu kilikuwa kimejaa mchuzi, mafuta na chai, kila sahani imeacha duara lake. Wageni walikuwa wamekula kwelikweli. Niliamka nikitaka kukifua. Nikakuta mke wa mwanangu ameshaweka karai uani, mikono imo kwenye povu hadi viwiko. Mdogo wake alikuwa anataka kumsaidia.

"Toka hapo," alikuwa anamwambia. "Utasugua maua yatoke nyuzi. Wewe unajua kufua satini. Hii ni kazi ya mkono, hii ni ya Mama."

Hakuwa ameniona. Nikavuta kiti mpaka kwenye jua, nikakaa.